Kikwembe cha Chini ya Valizi

Cimpunda, Bukavu

Yaya Alphonse,

Salamu huko Luvungi. Huku mvua haikatiki, lakini tuko wazima. Deni ya banki nimemaliza. Sasa wananiuliza kama nabaki na dekuver, ile ruhusa ya kutoa dola mia hata kama konti iko zero.

Nilikumbuka valizi ya mama, ile sanduku yake ya nguo, na kile kikwembe kipya, kitenge cha kujifunga, alichoweka humo kwa siku ya shida. Jumapili, nyuma ya misa, alikuwa anakikunjua, tunanusa naftalini, anakikunja tena. Hakukivaa hata siku moja. Ndicho aliuza wakutoe mu kasho ya polisi. Hukuuliza pesa ilitoka wapi.

Dekuver nimeikatala. Nikapita soko ya Kadutu, nikanunua kikwembe. Kiko mu valizi. Hiki, yaya, usinifanye nikiuze.

Mudogo wako,
Nsimire