Si Nazi za Mama

Baba,

Shikamoo. Nimekaa kwenye benchi lako la kupigia randa hapa Keko, na nina hasira, kwa hiyo usitegemee barua ya upole.

Tangu tukuzike, dada yako Mwanaidi hajanyamaza. Alianzia msibani palepale, sahani ya pilau mkononi, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko: "Kaka yangu kaponzwa na mapochopocho ya mkewe. Nazi asubuhi, nazi jioni, moyo utaachaje kusimama?" Watu wakatikisa vichwa. Mama alikuwa chumbani, kwenye eda, anasikia kila neno kupitia pazia, na mjane aliye kwenye eda hatoki kwenda kubishana na mawifi. Shangazi analijua hilo. Ndiyo maana aliongea kwa sauti.

Mafuta gani, Baba? Ulikuwa mwembamba mpaka suruali zako nikawa nazipunguza mimi. Ulipiga randa kutwa nzima. Ulipopimwa ukaambiwa lehemu nzuri, ile kolesteroli inayolinda moyo, iko chini, yule tabibu wa zahanati hakukuuliza chochote kuhusu ndugu zako. Alikukaripia tu juu ya chakula. Ukarudi, ukaisukuma sahani ya Mama. Nakumbuka ulivyomwambia, "Mama Zuhura, usinikasirikie, nataka kuishi." Ukala mihogo ya kuchemsha hadi mwisho, na haikukusaidia.

Mwezi uliopita nilipima lehemu na mimi. Yangu iko chini vilevile, na kule kwangu Sinza sipiki nazi hata kwa dawa. Nikamkalia daktari kooni mpaka akanieleza. Lehemu nzuri ndiyo inayookota mafuta yaliyozidi kwenye mishipa na kuyarudisha kwenye ini. Mwili huitengeneza kwa maagizo ya vinasaba, na kuna vimeng'enya vinavyoikomaza na vingine vinavyoivunja. Kinasaba kikiwa na hitilafu, kimeng'enya kinalegea au kinazidisha kazi, na lehemu nzuri inakuwa haba hata kwa anayekula majani matupu. Chakula na mazoezi vina nafasi yake, alisema, na hawezi kuapa kwamba kinasaba ndicho kilichokuua. Ila akaniuliza: upande wa baba, nani mwingine alianguka ghafla? Nikamtaja babu. Nikamtaja baba mdogo. Ulizaliwa na vinasaba hivyo, Baba. Mama alivikuta.

Nilimweleza Mama. Akanisikiliza, halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo sio mie niliyemuua?" Nikamwambia sio. Jioni akauliza tena. Maneno yangu hayamwingii, kwa sababu si mimi niliyemtuhumu.

Na sasa Shangazi analalamika kifua kinambana akipanda ngazi. Yuleyule. Kuna saa natamani nimwache na mdomo wake. Lakini ni damu yako, na kilichokuwa kwako huenda kiko kwake, kama kilivyo kwangu.

Pumzika, Baba. Mungu akupanulie hapo ulipo. Nakuahidi nitampeleka kupima, nitamshika mkono mwenyewe. Ila kabla hatujaenda hospitali, atapita kwanza chumbani kwa mkeo, aketi naye mkekani, na amwambie kwa kinywa chake kwamba hakukuua.

Binti yako,
Zuhura