Mama mkwe ananinukuu kila mwezi, kumbe nilikuwa nimelala

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba unijibu haraka kidogo kwa sababu Jumamosi hii ndiyo siku yenyewe, na mume wangu nimeshamwuliza akaniambia nijifanye naumwa, ushauri ambao ukiishi nyumba moja na muuguzi mstaafu unauona ulivyo wa kijinga, maana nikikohoa mara moja tu nitakuwa nimeshawekewa kipimajoto kwapani.

Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nasimama mbele ya mashine ya moto tangu asubuhi, na nikirudi nyumbani miguu si yangu tena. Tunaishi na mama mkwe wangu tangu alipostaafu. Najua ukisoma "mama mkwe" utakunja ndita ukingoja malalamiko, lakini sina, mshauri, huyu mama nampenda, na hilo ndilo linalonisumbua, ningekuwa simpendi nisingejali.

Mama alifanya kazi wodini maisha yake yote, sehemu kubwa zamu za usiku, na alipostaafu watu walidhani atakaa tu kupokea wageni na kulalamikia magoti. Yeye akajiandikisha maktaba ya mtaa, akajifunza rimoti mpaka vile vitufe ambavyo sisi hatuvigusi, akaanza kusoma na kutazama kila kitu, riwaya, tamthilia, na hasa anime za Kijapani, ambazo mume wangu anaziita katuni na kila akiziita hivyo anaambiwa akae chini atazame kwanza ndipo aongee. Mwezi ukiisha anachana karatasi ya mwezi huo kwenye kalenda ya ukutani, anaigeuza upande mweupe, anaandika ripoti ya yote aliyosoma na kutazama, kisha anaibandika kwenye mlango wa friji. Na ripoti anaiandika vilevile alivyokuwa akikabidhi zamu, yaani kila kitabu na kila tamthilia ni mgonjwa. Kuna tamthilia moja ya mawakili aliiandikia, "Imelazwa wiki tatu, haionyeshi nafuu, wanabishana tu na hakuna anayekula, nimeiruhusu iende nyumbani." Kitabu fulani cha safari kiliandikwa, "Hali nzuri sana, kimepewa rufaa kwa kinyozi," na kweli kinyozi wa pale kona akaja kukichukua. Anime moja ya mapigano aliiandikia, "Anamwaga damu kuliko mwili wa binadamu unavyobeba, lakini ana moyo mzuri, abaki chini ya uangalizi." Majirani wanakuja kuomba maji ya baridi, wanasimama mbele ya friji kusoma, maji yenyewe wanayasahau.

Ana sharti moja tu, kwamba hasifii kitu kwa kumwonea mtu haya, na akikiacha kitu njiani anaandika amekiachia wapi na kwa nini. Anasema wodini ukiandika mgonjwa yuko sawa na hayuko sawa, atakayeumbuka ni yule anayepokea zamu. Ndiyo maana watu wanaiamini ile karatasi.

Sasa mimi. Jioni tukishakula ananiita, "Mkwe, njoo tumwone fundi wetu," maana kuna anime anaipenda kupita zote, ya kijana fundi viatu, mfupi, anayewashonea viatu majitu, na kila jitu lina mguu wake na shida zake. Nakaa naye kochi moja, wimbo wa mwanzo unapigwa, na mshauri, hapo hapo mimi sipo tena. Naamka wimbo wa mwisho unaimbwa, nakuta sauti ya televisheni imepunguzwa na nimefunikwa shuka miguuni, nadhani ni mume wangu, na mama ananigeukia ananiuliza, "Umeionaje?" Siku ya kwanza nilijibu nikiwa bado na usingizi mdomoni, nikasema, "Mama, huyu mtu amechoka." Mwisho wa mwezi nikakuta kwenye friji, "Mkwe anasema fundi amechoka. Ni kweli. Nilipaswa kuliona mapema."

Mshauri, mimi shule niliiachia njiani, kazini nikifungua mdomo msimamizi anajibu kabla sijamaliza, na kwetu nilizaliwa katikati ya ndugu wengi wenye sauti kubwa. Hakuna mtu aliyewahi kuandika nilichosema. Nilisimama pale mbele ya friji, mume wangu akaniuliza natafuta nini, nikamwambia maziwa, na maziwa hatukuwa nayo.

Basi nikaendelea. Kila jioni nalala, naamka, nasema neno, "ana siri yule," "jitu lile linamkumbusha mtu," na mama anaandika, na mwezi hadi mwezi mstari wangu unazidi kurefuka, nami najiambia nitaacha, siachi.

Lakini kilichonifanya niandike si hicho, ni kitabu. Alinipa kitabu kinene cha mhandisi anayejenga daraja, nikakisoma siku zangu za mapumziko, na hiki nilikisoma kweli, macho makavu, mpaka ukurasa wa mwisho, na sikukipenda hata kidogo. Mhandisi anaueleza mto, akimaliza anaueleza tena, mke wake anaingia na chai anatoka, kitabu kizima anaingia na chai anatoka, na hatujui hata siku moja yeye mwenyewe anaonaje kuhusu hilo daraja. Mama aliponiuliza nikaogopa ataniona sikuelewa kitabu cha wasomi, nikasema, "Kizuri sana mama, kimenigusa." Akanitazama kidogo. Kumbe yeye alikuwa ameshakiandikia, "Hakina mapigo ya moyo." Akachukua kalamu akakata maneno yale kwa mstari mmoja, akaandika pembeni, "Mkwe amesikia mapigo. Narudia kupima." Na akakisoma upya, mshauri, chote, na macho yake yale ya kushika kitabu mbali, mwezi mzima anapambana na ule mto, akiniuliza kwa upole, "Hivi ulisikia wapi hasa?"

Sasa mkutubi alipita nyumbani akasoma friji, akasema ripoti hizi zinafaa kusikika maktaba. Jumamosi mama atasimama mbele ya wasomaji, na amesema haendi bila mimi, kwamba watakaouliza habari za fundi viatu na za kitabu cha daraja watajibiwa na mkwe wake kwa sababu "ana jicho kunishinda," na hicho kitabu anataka kukiombea watu wakiazime kwa neno langu mimi. Jana nilimpigia pasi gauni lake la siku hiyo, na nilikuwa nalia, ikabidi nilirudie pale machozi yalipodondokea.

Nifanye nini? Nikohoe kama mume wangu anavyosema? Nijilazimishe kutazama sehemu zote za fundi viatu kabla ya Jumamosi? Au niseme ukweli, na nikisema, unadhani ataufuta mstari wangu?

Ni mimi, Mpiga Pasi.

*

Mpiga Pasi, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kazi, mara ya pili kwa wivu. Meza yangu imejaa mama wakwe wanaofungia sukari kabatini na wanaopekua mikoba, na wewe unaniletea mama mkwe anayekuandika kwenye friji, halafu unalia juu ya gauni lake. Haya, futa machozi, tuongee.

Tuanze na usingizi, maana huo ndio unaouogopa na ndio mdogo. Mama huyo kazi yake ilikuwa kupita katikati ya vitanda gizani na kujua nani amelala, nani anajifanya amelala na nani ana maumivu asiyoyasema. Nawe unafikiri unakoroma pembeni yake kwenye kochi moja, na yeye anadhani unatafakari? Sauti ya televisheni anaipunguza nani? Shuka la miguuni anakuwekea nani? Unasema mume wako. Mume yupi, huyu aliyekushauri ukohoe? Mimi sikuwepo sebuleni kwenu na siwezi kukuapia, lakini nina hakika anajua, na amejua tangu jioni ya kwanza.

Na sasa kasome upya alichoandika mwezi ule. "Mkwe anasema fundi amechoka. Ni kweli. Nilipaswa kuliona mapema." Mwanangu, fundi gani huyo aliyechoka? Muuguzi aliyekaa karibu na mtu anayelala kila anapokaa chini hakuwa akiizungumzia televisheni. Alikuandika wewe. Anakuita kila jioni si kwa sababu anataka mchambuzi wa anime, anakuita kwa sababu hapo kwenye kochi ndipo mahali pekee pa siku nzima unapopumzika, na amekupa kisingizio ili usione aibu. Mtu anayetunza watu kwa akili kiasi hicho namvulia kofia, na sivui kofia ovyo.

Ila kwenye kitabu nakusema, na usininunie. Hapo hukulala, hapo ulikuwa macho makavu kwa maneno yako mwenyewe. Mama alikuwa amepima sawasawa, akayakata maneno yake kwa kalamu kwa sababu alikuheshimu kuliko alivyojiamini, na wewe ukamwacha arudi mwezi mzima kwa mhandisi asiye na mapigo, anakodoa macho, anatafuta alichokikosa. Kisa ulitaka kuonekana umeelewa. Na Jumamosi, ukinyamaza, kinyozi na majirani na watu wasiojua hata sura yako watabeba ule mto kwenda nao nyumbani. Hivyo si kumheshimu mama mkwe, ni kuiharibu kazi yake, na ile karatasi ndiyo kazi aliyobaki nayo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maoni unayo. Yule mke anayeingia na chai na kutoka, kitabu kizima, na hatujui anaonaje kuhusu daraja. Mimi kitabu hicho sijakisoma na tayari nimekielewa, na nimekielewa kwa sentensi yako wewe. Umeniandikia mimi, mtu baki, kitu ambacho yule mama amekuomba kwa upole mwezi mzima, ukamnyima. Unasema hakuna aliyewahi kuandika ulichosema. Amepatikana wa kuandika, ukampa "kimenigusa."

Sasa sikiliza, na ufanye leo, usingoje mume wako atoe wazo jingine.

Fundi viatu mwache kwanza. Ukijilazimisha kutazama sehemu zote utafika Jumamosi na macho mekundu na utalala mbele ya mkutubi. Leo mkishakula, osha vyombo, kaa naye kabla rimoti haijashikwa, na anza na kitabu. Sema hivi, "Mama, ulipima sawa. Hakina mapigo, ni mimi niliyeogopa." Halafu mweleze habari ya mke na chai, kama ulivyonieleza mimi, usipambe. Kisha ungama usingizi. Kama nimemsoma vizuri atacheka, nawe umwache acheke mpaka amalize, na usiharakishe kujitetea kwa habari za mashuka. Akitaka kukasirika kwa ajili ya kitabu, akasirike, ana haki, umempotezea mwezi.

Fundi viatu mhamishieni asubuhi ya siku yako ya mapumziko, sehemu moja moja, na wewe ukae kwenye kiti kigumu. Jioni ukikaa kwenye kochi, lala tu, ila useme unalala. Na mume wako naye apike jioni mbili tatu, kwa kuwa ana muda mwingi wa kubuni magonjwa.

Jumamosi nenda. Wakikuuliza juu ya majitu, waambie ulilala na ndiyo kwanza unaanza. Wakikuuliza juu ya daraja, simama, uwaambie kuhusu yule mke. Utashangaa wangapi watakuja kukushika mkono baadaye, na wengi wao watakuwa wanawake waliobeba chai.

Mimi nawe tumalize na swali lako la mwisho, kwa sababu nimeona ndilo lililokuleta. Hapana, hataufuta mstari wako. Umenieleza mwenyewe jinsi anavyosahihisha, anakata mstari mmoja ili maneno ya kwanza yaendelee kusomeka, kisha anaandika yaliyo sahihi pembeni. Ripoti ya wodi haifutwi, na mtu aliyeandika hivyo maisha yake yote hawezi kuanza kufuta kwako. Mimi baada ya barua yako nilichana kalenda yangu nijaribu, nikagundua mwezi mzima nimetazama taarifa ya habari tu, na hali yake si nzuri. Hivyo usidhani nakuhurumia, nyumba yako naitamani.

Na mwezi huu ukiisha, akishabandika karatasi, muombe kalamu. Kata maneno yako ya zamani kwa mstari mmoja, na pembeni uandike kwa mkono wako mwenyewe: "Mkwe. Alilala tangu alipolazwa. Ameamka, anaomba kuanza upya."