Ngata ya Mgongo wa Magesa

Jumapili, 3 Agosti 2025

Leo asubuhi nimemkanyaga Magesa. Kabla hajanawa uso, bila salamu, mguu wa kushoto, mara tatu kiunoni. Ndivyo nilivyofanya tangu nina miaka sita. Mimi ni Kashinje, nilitanguliza miguu kutoka tumboni mwa mama, na jina lenyewe linasema. Migongo ya Bugarama hii imepita chini ya unyayo wangu — ya wakulima, ya wachunga ng'ombe, hata ya katekista mmoja aliyekuja kwa kujificha.

Magesa karudi Alhamisi kutoka duarani, shimoni kwao kwa dhahabu, kajipinda. Alinyanyua kiroba cha mawe peke yake, akajigeuza nacho. Mwanangu huyu ana miaka thelathini na minane na bado anashindana na vijana! Nilimwambia lala kifudifudi, mpumbavu wangu. Akalala. Nikakanyaga. Akainuka, akacheka, akala ugali wote na mlenda wote.

Lusia mkewe alisimama mlangoni kakunja mikono.  Huyu ndiye aliyenifundisha herufi, kwa kidole, juu ya unga kwenye ungo, nikiwa na miaka sitini na mitatu. Kwa hiyo namstahi. Lakini jicho lile!

Jumatatu, 4 Agosti

Magesa anasema mguu wa kulia una siafu ndani. Wanatembea, hawang'ati.

Bernadina jirani yangu kaja kuchukua moto. Anasema siafu ni dalili kwamba dawa inashuka, nimkanyage tena. Nami naona hivyo.

Lusia kaniambia jana kanisani walitangaza: Jumatano daktari bingwa wa ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu atakuwa Ushirombo. Twende, mayu, mama yangu, kasema. Nikamuuliza, huyo bingwa ametanguliza nini kuzaliwa, kichwa? Kama watu wote? Akachukua ndoo akaenda bombani.  Anapokuwa na hasira anakuwa na adabu sana huyu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemkanyaga mara ya pili. Safari hii hakuinuka mwenyewe. Tulimwinua, mimi na Lusia.

Mchana godoro liko juani. Nikauliza, mtoto gani kakojoa? Lusia kasema, si mtoto.

Amekaa kwenye kigoda hajui kwamba maji yanatoka. Hajui! Nimemtazama usoni, naye kageuza uso.

Kesho Ushirombo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimechoka lakini naandika yote, maana mambo haya sitapata wa kumuuliza mara ya pili.

Tumefika Magesa kalazwa kiti cha nyuma cha gari la Salehe wa duka la vifaa. Uwanja wa hospitali umejaa watu. Bingwa katoka. Nilitegemea mwanaume mwenye tumbo. Katoka kibinti kafunga hijabu ya kijani, viatu vya raba, mikono midogo kama ya msusi. Dokta Safiya. Nikamwambia Lusia, ndiyo huyu? Huyu ataweza hata kuchinja kuku?

Sasa ngoja niseme ukweli. Mwanamke huyu anajua kusema na watu.

Hakupanda jukwaani. Kavuta benchi, kakaa katikati yetu. Kasema maumivu mengi ya mgongo hupona bila kisu. Tembea, fanya kazi nyepesi, usigandame kitandani siku saba. Mzigo uchuchumalie, uukumbatie karibu na tumbo, unyanyuke kwa magoti, usijipinde nao. Nikaligeukia gari alimolala Magesa — unasikia?

Kasema aliyeangukiwa na kifusi duarani msimvute mikono kama mbuzi. Mlazeni juu ya ubao au mlango, shingo isicheze. Aliyegongwa kichwa kisha akatapika, au usingizi wake ukawa mzito, msimwache alale mpaka asubuhi, mleteni. Mwenye kifafa msimtie kijiko mdomoni, msimnusishe kiatu. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumwumiza, subirini naye. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakigongana — hicho ni kiharusi, si jirani yako kakuroga. Kila dakika ubongo unapotea.

Mzee mmoja kapaza sauti: Dokta, mimi mke wangu ndiye ananiumiza kichwa, mnapasua?

Kajibu hapohapo: Mlete kwanza mke, baba, huenda kinachouma ni chake.

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nikacheka pia. Mungu anisamehe, na mwanangu yuko garini.

Halafu kaacha kucheka. Kasema: kuna mgongo mmoja haungoji foleni. Mtu miguu inaishiwa nguvu, sehemu inayogusa tandiko la baiskeli imekufa ganzi, mkojo unamtoka hajui au umeziba hautoki. Huyo ni wa leo. Si wa kesho.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikapiga kelele: Ni wangu! Huyo ni wangu, yuko kwenye gari!

Kakimbia. Bingwa mzima, kakimbia na raba zake! Kapiga magoti vumbini kando ya gari. Kampa Magesa shikamoo kwanza, kwa vile kamzidi umri. Kamwomba ruhusa kabla ya kumgusa. Kagonga magoti kwa kinyundo, kamchoma kidogo kidogo kwa kijiti, hapa unasikia, hapa je, na sehemu za siri akazifunika kwa kanga ya Lusia watu wasione. Mguu wa kulia kidole gumba hakikuinuka hata kidogo. Nilikiambia kimoyomoyo, inuka wewe! Kikalala tu.

Kauliza: Kuna mtu amegusa mgongo huu tangu Alhamisi?

Magesa kafumba macho. Lusia kaangalia chini. Wananificha! Mwanangu hajisikii makalio na bado ananificha mimi.

Nikasema, mimi. Nimemkanyaga. Jumapili na jana. Mara tatu tatu.

Nikangoja matusi. Nimezoea, manesi wa siku hizi wanatutukana sana sisi wa vijijini. Dokta Safiya kaniambia, Bibi, nionyeshe. Nikamwonyesha mguu. Kautazama unyayo wangu kweli kweli, kama kitu cha kazi. Kauliza nilizaliwaje, nani alinifundisha, kwa nini kushoto. Nikamweleza. Kasema hata Tanga kwa bibi yake wapo wanaokanyaga.

Kisha kavua ngata kichwani mwa mama mmoja aliyepita na ndoo. Kaomba, lakini. Kasema: Bibi, kati ya kila mfupa wa mgongo kuna kitu kama hiki. Kinabeba uzito mifupa isisagane. Ndani yake kuna ute mzito kama uji. Ngata ya Magesa imepasuka, uji umetoka nyuma, na nyuma huko ndiko inakopita mishipa ya miguu, ya mkojo na ya choo. Imebanwa. Tukichelewa inakufa.

Nikamuuliza mbele za watu: ni mguu wangu?

Kanitazama machoni. Kasema: Sijui, Bibi. Inawezekana ilishapasuka na kile kiroba. Inawezekana wewe uliisukuma zaidi. Sitakudanganya.

Nikampenda hapohapo. Mwingine angenipaka mafuta, siyo wewe, mama, siyo wewe. Mwingine angenimeza. Huyu kanipa sijui yake yote, nzima, haina kona.

Kasema na jambo moja naliomba, Bibi. Usimkanyage tena mtu yeyote. Hata akikulilia.

Nikavaa kandambili yangu. Gari la wagonjwa likaja. Dokta kaacha mwenzake na foleni, kapanda naye mpaka Mwanza, kamshika Lusia mkono. Mimi nikarudi kwa watoto na ng'ombe.

Alhamisi, 7 Agosti

Simu mbili.

Ya kwanza: wamemwingiza kwenye mtambo wa picha, kama pipa linalopiga kelele. Ngata ya chini kabisa. Dokta kamwonyesha Lusia, uji mweusi umekaa juu ya mishipa.

Ya pili: amepasuliwa. Yeye mwenyewe Safiya kampasua. Kwa saa mbili na nusu kasimama. Katoka, kala andazi kwa kusimama, kamwita Lusia. Miguu ana matumaini nayo. Mkojo haahidi. Mishipa ile inakasirika muda mrefu. Kesho kutwa watatoa mpira wa mkojo, ndipo tutajua kama mwanangu atajikojolea maisha yake yote au la.

Mikono midogo ile! Nimeiwaza siku nzima nikipepeta. Mimi nina mguu mmoja na mahali pamoja pa kukanyaga, kila mgongo uleule. Yeye anapita kati ya uzi na uzi.

Niliwaza pia: kuna wangapi waliolala kwenye mkeka wangu, kisha sikuwaona tena? Nilisema wamepona.

Ijumaa, 8 Agosti

Kidole gumba kimeinuka! Kidogo, kasema Lusia, kama mtu anayeitikia kwa mbali. Nimepiga kigelegele peke yangu zizini, ng'ombe wakashtuka.

Mpira bado.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi hii nimefungua mlango, Bernadina huyo. Hajanawa, hajanisalimu. Kaingia moja kwa moja, katandika mkeka wangu mwenyewe, kalala kifudifudi. Mgongo. Gunia la mihogo.

Nikamwuliza: Miguu ina ganzi?

Kabana uso mkekani. Desturi, anayekanyagwa hapaswi kusema.

Mkojo unausikia ukija? Ukikaa, makalio unayasikia?

Hapo kashindwa. Kainua kichwa: Kashinje, umepatwa na nini! Nimekuja kukanyagwa, wewe unaniuliza makalio!

Nikasema sikanyagi.

Kasema mama yako alimkanyaga mama yangu. Nikasema najua. Kasema basi umekuwa daktari, umesomea wapi? Nikasema kwenye ungo. Nikamwambia ainuke atembee mpaka kisimani na kurudi bila mzigo, nimtazame hatua zake. Kasema haendi popote. Ataendelea kulala hapo mpaka mguu wangu umpate, hata ikifika Jumapili ijayo. Namjua, atalala.

Nilisimama juu yake. Mguu ulikuwa unaujua ule mgongo, nausema ukweli. Nimeukanyaga miaka arobaini. Ukaanza kuinuka wenyewe.

Simu ikalia.

Lusia. Wametoa mpira alfajiri. Magesa kanywa maji, kanywa chai, kanywa maji tena. Sasa hivi yuko chooni, kaingia kwa fimbo, kajifungia mwenyewe. Dokta Safiya kasimama nje ya mlango wa choo na Lusia. Ana wagonjwa wengine, manesi wanamwita, kawaambia ngojeni. Mayu, usikate, kasema Lusia, subiri.

Nimekaa kigodani. Simu nimeibana kwa bega, kitabu magotini, naandika ili mkono uwe na kazi.

 Mtu kakohoa huko. Nasikia sauti ya Dokta, taratibu: Usiusukume, kaka. Uache uje. Tupo.

Bernadina kutoka mkekani: Vipi, keshakojoa?

Nimemwambia funga mdomo, naye ajabu kafunga. Ananitazama mguu. Mimi pia nautazama. Upo chini, sakafuni, na sijauinua.

 Halafu Magesa kaita, kwa sauti ndogo, Lusia — umekuja wenyewe.