Wembe Uliomnenepesha Chui Wangu

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, mto umejaa, mitumbwi yote imefungwa. Nimechoka kama muntu aliyebeba pembe ya ndovu toka Pangi bila kutua. Na nimewahi kuibeba, pembe iliyowashinda vijana wawili, lakini hayo si ya leo.

Leo ni habari ya sikio.

Zaina, binti wa dada yangu Mwamini, anaolewa Ijumaa. Mwaka jana walimtoboa ndewe ili avae majasi kama mabibi wa waungwana. Sikio la kulia lilipona vizuri. La kushoto, kidonda kilifunga lakini kovu halikutulia. Likapanda, likavuka mpaka wa tundu, na sasa iko nundu ngumu ya kung'aa, kubwa kama kokwa la mchikichi. Linamwasha kuliko upupu. Ukimpitia utamkuta kajifunika kitambaa, hata jua likiwa kali.

Asubuhi hii dada kamwita kinyozi alikate.

Niliposikia niliacha uji, nikavuka uwanja na mvua yangu kichwani. Baraza ya Mwamini ilijaa wapiga kasia waliokimbia kulowa. Katikati yao kinyozi ananoa wembe, na karibu naye kigae cha majivu na mkaa uliosagwa, vya kuzuia damu. Zaina kalaza kichwa mapajani mwa mama yake, macho kafumba.

"Mwamini, usikate," nikasema.

"Yaya, kaka yangu, harusi ni Ijumaa. Mama mkwe njo atamuvalisha majasi kwa mukono wake, mbele ya watu. Atavalisha wapi? Kwenye hii nyanya?"

"Likikatwa litarudi kubwa zaidi."

"Umejuaje? Wewe kifua ulipasuliwa na chui, si na kinyozi."

Wapiga kasia wakaitika: kweli, chui! Mmoja akaanza kuwasimulia wenzake namna nilivyomshika ulimi.

Hapo njo niliponaswa.

Nieleze. Kifuani nina kovu lililopanda, pana kama kiganja, lina miguu kama kaa wa mtoni. Hakuna asiyelijua hapa Kindu. Nimelisimulia kwenye mitumbwi, kwenye ngoma, hata matangani. Na kila mwaka yule chui huongezeka uzito. Siku hizi nikimsimulia nachoka mimi mwenyewe.

Chui alikuwepo, wallahi. Lakini alikuwa ananikimbia. Alinipita mbio njiani, kucha zake zikanigusa, hapa kifuani na hapa mkononi, basi. Alama zikapona ndogo kama punje za mahindi. Ndipo punje zikaanza kukua na kuwasha. Ya kifuani niliipeleka kwa fundi kule Nyangwe, akaikata, akapaka majivu. Nikatembea kifua wazi kama bwana harusi. Ikarudi, imenona. Nikakata tena. Ikarudi na miguu.

Kaa huyu wanayemwogopa ni mtoto wa wembe. Chui alileta punje tu.

Nikatazama kile kigae cha majivu, nikamkumbuka marehemu mama. Tumbo lake lilijaa chale zilizosimama kwa safu, kama matuta ya muhogo, na alikuwa akijivunia. Kwao, upande wa Pangi, walichanja, wakapaka mkaa na majivu, wakachanja tena palepale ili pasimame. "Ngozi yetu ukiichokoza inasimama," alikuwa akisema. Kwa tumbo ni urembo. Lakini hapa kinyozi, na nia yake njema, alikuwa anakwenda kumchanja Zaina chale sikioni. Wembe uleule. Majivu yaleyale. Ngozi ileile.

Nikasema yote. Mbele ya wapiga kasia.

Zaina akafumbua jicho moja. "Muyomba, na ule ulimi?"

"Sikuushika. Nilishika muti."

Baraza ikapasuka kwa kicheko. "Kumbe ni paka!" mmoja akapiga kelele. "Paka wa jirani, alifuata samaki yake!"

Mwamini hakucheka. "Sasa unasema uongo ili nisikate," akaniambia. Unaona adhabu hiyo? Miaka yote niliposema uongo waliniamini.

Basi nikavua bangili yangu ya shaba, ile pana ninayovaa kwa fahari, sijaivua mbele ya watu tangu zamani. Chini yake iko punje ya pili, ya chui yuleyule. Hakuna wembe ulioigusa. Niliipaka mawese na kuisugua taratibu, na bangili ikaigandamiza usiku na mchana. Imelala, laini, kama mshipa wa jani. Dada akapitisha kidole mkononi, kisha kifuani, kisha mkononi tena.

"Litaisha?" akauliza.

Ulimi uliniwasha niseme ndiyo, kabla ya Ijumaa. Nikasema: "Hapana. Langu lilitaka masika na kiangazi, na halikufutika. Lililala tu."

Zaina akainuka, akajifunga kitambaa. "Mama, mama mkwe atanivalisha moja. Afadhali sikio la nyanya kuliko kaa wa muyomba."

Wakacheka tena, na Mwamini naye, huku anajifuta macho. Kinyozi akafunga wembe wake kwenye ngozi. Hakunitazama.

Mchana wote nimechonga kibano cha mwanzi, nimekivisha kitambaa kibane bila kuumiza. Vitatu vimevunjika. Cha nne Zaina amekivaa, anasema kinamfinya kidogo lakini muwasho umepoa. Pengine ananihurumia. Nimemwonya: kikimuuma akivue, ngozi isichokozeke.

Sasa mvua imekatika, na mimi mgongo hauniitikii tena. Wapiga kasia wanafungua mitumbwi. Nimesikia mmoja analia nyau, na mwenzake anamjibu toka ng'ambo. Habari itafika Nyangwe kabla ya jua kuzama kesho.

Miaka ishirini na kitu nimemlisha yule chui. Nilitaka anizike nikiwa bado shujaa.

Ijumaa nitakaa mbele, bangili nimeiweka nyumbani, nimtazame mama mkwe akivalisha jasi moja kwenye sikio zima. Na wakilia nyau, nitaitika.