Mama Casilda, Aliyewasalia Marehemu wa Mtaa Mzima

Mwaka umetimia leo, mama, tangu ufunge kitambaa chako cheusi ukatoka kwenda kumsalia mtu, tarehe tatu Septemba, siku kimbunga kilipoipiga Santo Domingo. Hukurudi.

Hapa mtaani Villa Francisca hakuzikwa mtu bila wewe. Mchana ulifua nguo za watu, jioni uliwasalia marehemu wao rozari. Malipo yako yalikuwa kikombe cha kahawa, na ikiwa nyepesi ulisema wazi. Wala hukuwapamba wafu. Kwa mzee Abelardo ulisali hivi: "Bwana, huyu alikuwa mchoyo, unamjua, na kuku wangu ni yeye aliyemla. Lakini mpokee tu, maana sisi huku tumeshamchoka." Wafiwa walicheka huku wanalia.

Siku ile mchana upepo uling'oa mapaa, kisha ukanyamaza ghafla. Jua likatoka. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona kimbunga kama kile, na watu wakamwagika barabarani.

"Tokeni jamani, kimekwisha!" alipiga kelele jirani yetu Ulises.

"Kimekwisha, na paa lako limehamia kwa mama mkwe!" mkewe akamjibu.

Tulicheka, mama. Nikikumbuka kicheko kile najichukia.

Ndipo Ramona wa nyumba ya nyuma akaja mbio. Boriti imemwangukia mama yake, anakata roho, hana wa kumsalia. Ukanigeukia: "Leocadia, unaonaje, kimekwisha kweli?"

"Mama, ngoja kwanza," alisema mdogo wangu Fermín.

Mimi nikatazama mbingu, nikaona buluu tupu. "Acha woga wako, wewe! Nenda, mama, mtu asife bila sala."

Ukanitii. Haukupita muda, upepo ukarudi kutoka upande wa pili, mkali kuliko ule wa kwanza. Hatukujua kwamba ile shwari ilikuwa kitovu cha kimbunga tu, katikati yake palipotulia.

Tulikutafuta siku tatu kwenye mbao na mabati. Waliokufa walikuwa maelfu, na kwa hofu ya maradhi wengi walichomwa moto uwanjani. Moshi ule ulikaa nguoni mwetu wiki nzima, na hatujui kama nawe ulikuwemo. Watu huniambia baada ya dhiki faraja. Wanaosema hivyo wana kaburi la kupeleka maua.

Leo tumekutengenezea altare ya ngazi tatu kama ulivyotufundisha. Rozari ya mwaka ikiisha huvunjwa ngazi moja moja, na mtoto mkubwa humwambia marehemu, "Nenda kwa amani," ili roho isibaki ikitangatanga. Mtoto mkubwa ni mimi. Mama, neno hilo la nenda nilishakuambia mara moja. Halinitoki tena kinywani.

Fermín ananiambia, "Dada, unamzuia mama." Huenda ni kweli. Huenda nakutesa huko uliko kwa sababu ya moyo wangu mwenyewe. Nisamehe na hilo pia, ingawa sioni kwa nini unisamehe.

Rozari itasaliwa nyumbani saa tisa alasiri. Atakuja msaliaji wa mtaa mwingine, mama wa watu, ambaye hata sura yako haijui. Altare haitavunjwa.

Wanaokukumbuka ni mumeo Baldomero, ambaye siku hizi haongei. Mwanao Fermín na mkewe Eduvigis. Mjukuu wako Nereida, anayekuulizia bado. Na mimi, Leocadia. Ramona angekuwamo humu, na Ulises na mkewe pia, lakini wote walikwenda siku moja nawe. Mtaa mzima uliousalia haupo kukusalia.

Tutakukumbuka siku zote za uhai wetu, mama. Kukuaga hatukuagi.