Mugomba Uliovaa Koti Yetu

Faustin, ndeko yangu, ndugu yangu,

Ni miye, mutu wako, ule muliita Prezida wa Kona juu ya kusema sana. Usicheke maandiko yangu vile inapinda. Unajua masomo niliiacha mwaka wa tatu ya sekondari, na haikuwa juu ya ujinga, ni mwalimu ndiye alichoka mbele yangu. Lakini mutu aliyefika Kampala, Kisangani na hata Dubai (nililala mu eropoti tu, lakini nilifika) hawezi kushindwa kuandikia rafiki yake barua.

Kesho ni ile siku inchi yote inakumbuka watu wake waliouawa mu vita. Hapa Bunia wakubwa watasema maneno yao, halafu kila familia itachukua jembe na chokaa, ipande ku makaburi kupalilia wake. Ni hapo ndipo roho yangu ilikuwa inakatika kila mwaka. Juu mama yako alikuwa anabaki. Anafunga mulango, anakaa mu jikoni na moshi wake. Mwaka jana nilipita na moto, pikipiki yangu, kumuchukua, akanijibu pale mulangoni: "Wenzangu wanaenda kupalilia watoto wao. Miye nipalilie nini? Barabara ya Bogoro?"

Nikageuza moto nikaenda, Faustin. Miye! Mutu anayeshika mikro mu ndoa za Bunia, mutu ambaye hata bibi arusi anaomba anyamaze!

Weye ulitoka asubuhi kuleta maharagi toka Bogoro, sawa kila juma, vita ikakukuta barabarani. Watu waliotoroka siku ile walisema walikuona unaanguka, na hakuna aliyeweza kurudi nyuma kukuokota. Ni hayo tu tuliyopewa. Hakuna mwili, hakuna kaburi, hakuna matanga. Mama alikataa kuketi ku mukeka wa kilio. Jioni anapakua sahani yako, anaifunika. Asubuhi anamwagia kuku. Miaka yote hiyo. Majirani wakaogopa hata kumuita Mama Faustin. Wanapita tu, "Mama, jambo," na macho chini.

Basi nikaapa: mwaka hii haitapita vile.

Unajua desturi ya wazee wetu. Mutu akipotea na mwili usionekane, wanazika mugomba mu nafasi yake. Wanaubeba, wanaulilia, na matanga inafanyika. Nilianza kumusemesha mama tangu mvua za kwanza. Akanifukuza na mwiko. Nikarudi. Akanimwagia maji ya vyombo ku suruali yangu nyeupe. Nikarudi na suruali nyeusi. Siku moja nikachoka, nikamwambia: "Mama, Bunia yote inajua Faustin amekufa. Wamebaki kuku zako tu ndizo zinangojea arudi, na zenyewe ni juu ya wali."

Akacheka. Haki ya Mungu, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka kilio, kilio cha mutu aliyekuwa amekichunga sana. Akapangusa uso na kitenge, akasema: "Leta huo mugomba. Lakini ulete wa kweli."

Wa kweli! Nikaenda shambani nikachagua mugomba kupita yote, murefu, munene, sawa askari wa gwaride. Nilitaka kukutukuza, unanijua. Nikaufunga ku moto, nikapita nao katikati ya kartie, mutaa muzima, nikipiga honi. Mama akauzunguka polepole. Akaangalia juu, pale mukungu wa ndizi ulikuwa umekatwa.

"Huyu amekwisha kuzaa," akasema. "Mwana wangu hakuzaa. Tena Faustin alikuwa mufupi. Weye unataka nizike mutoto wa nani?"

Nikarudi shambani na kiburi yangu mu mufuko. Kukata mugomba ambao haujazaa ni hasara, kila mulimaji anajua. Ndiyo maana niliacha ile midogo. Lakini ni hasara hiyo yenyewe ndiyo mama alitaka watu waone. Nikapata mumoja wa kimo chako, majani yake ingali laini. Nilipoukata maji ikatoka mingi. Safari hii niliubeba begani, bila honi.

Unakumbuka koti yetu? Ile ya buluu ya Kampala, tuliyoinunua siye wawili, tukawa tunaivaa kwa zamu ku ndoa za watu? Miye mikono inabaki inje, weye inakufunika vidole. Asubuhi ile ya Bogoro uliniambia: "Jumamosi ni zamu yangu, usiimwagie supu." Tangu siku ile sikuivaa tena. Wasichana walikosa kitu, lakini sikuivaa.

Niliivalisha mugomba, nikafunga vifungo. Niliogopa nitacheka mbele ya watu. Sikucheka. Ilikukaa muzuri, ndeko, ilikukaa muzuri kupita miye, na hilo neno hutalisikia tena mu kinywa changu. Zamu ni yako, ubaki nayo.

Mukatekista alikuja. Alisema yeye anamuombea Faustin, mugomba haumuhusu. Sawa, akaomba. Tulikubeba mabegani mpaka ku makaburi. Mama alishuka mwenyewe mu shimo, akaweka sahani yako pale kifuani, akatandaza kitambaa juu yake. Aliporudi nyumbani aliketi ku mukeka na wanawake, wakaimba nyimbo za kanisa mpaka chai ikaisha. Ule jirani wa ngambo, mwenye kuogopa kupita wote, akaingia, akamushika mikono: "Pole, Mama Faustin."

"Asante," mama akasema. Neno moja tu. Lakini nikaona mugongo wake umenyooka.

Sikiliza sasa, nakuahidi na akili yangu yote, hata ile niliyoiacha ku masomo. Magoti ya mama ikichoka, nitapalilia miye. Nikichoka miye, watoto wangu watapalilia, wapende wasipende. Wale waliokuangusha walitaka ubaki bila mahali. Uko na mahali. Jina lako limeandikwa ku musalaba, na kesho wakinipatia mikro nitalisema, wakininyima nitalisema bila mikro. Sauti yangu unaijua.

Jana mama alinoa jembe lake ku jiwe, yeye mwenyewe. Nikamwambia nimeosha moto, nitamupandisha sawa waziri. Akakataa. Akasema: "Nitaenda kwa miguu. Nataka barabara yote ione niko na jembe."

Basi, Faustin, lala muzuri. Kesho usiposikia moto yangu, usiseme tumekuacha. Tuko njiani, tunatembea polepole, mama iko mbele.

Prezida wako