Mlango wa Chumba cha Baridi

Jumatatu, 6 Machi 1995

Minofu yote ya samaki ya Jumamosi imeharibika. Asubuhi mlango wa chumba cha baridi umekutwa wazi. Meneja akauliza nani alitoka mwisho. Dada Modesta akanyoosha mkono. Sahihi ya mwisho kwenye daftari ni yake.

Alifunga. Nilimwona akisukuma komeo. Ni mimi niliyerudi ndani kuchukua sweta, nikatoka mbio, nikausukuma mlango kwa kiwiko bila kugeuka.

Sikusema. Mdomo ulikuwepo, sikuufungua.

Jumanne, 7 Machi

Modesta amefukuzwa. Nilipofika kiwandani kutoka Bukoba nilikuwa sijui hata kushika kisu cha minofu. Yeye ndiye aliyenifundisha, amesimama nyuma yangu, mkono wake juu ya wangu.

Getini alinishika bega. "Ade, nakumbuka kabisa nilifunga. Au sikufunga?"

Nikamwambia, "Hutokea, dada."

Amerudi kwao Misungwi, kwa mama yake.

Ijumaa, 10 Machi

Nimepewa usimamizi wa meza ya minofu. Ilikuwa aupate Modesta, kila mtu alijua. Nimevaa koti jeupe, jipya. Niliitamani nafasi hii tangu mwaka jana. Nilifurahi. Labda saa nzima.

Jumanne, 14 Machi

Nimal, fundi wa mitambo ya baridi, ni mtu wa Sri Lanka, Mbudha. Leo alimkuta mende kwenye mashine, akamtoa nje juu ya karatasi. Nikamcheka. Nikamuuliza, mende humuui, na sangara wote hawa unaowagandisha?

Hakucheka. "Hilo linaniuma, dada. Sijapata jibu lake."

Nikaona haya. Ili nisiondoke vibaya nikamuuliza dini yao inasema mateso ya mtu yanatoka wapi. Nilijifanya nauliza tu. Sisi Walutheri tumelelewa na neno dhambi. Yeye alisema Buddha alifundisha kuwa mateso yana chanzo, na chanzo chake ni kiu. Siyo ya maji. Kuna kiu ya kuonja raha. Kuna kiu ya kuwa mtu fulani. Kuna kiu ya kutaka kitu kisiwepo kabisa. Na chini ya zote tatu kuna kutoona mambo yalivyo.

Anasema kwa Kiswahili chake cha kiwandani, polepole, kama anayekaza skrubu.

Kiu ya kuwa mtu fulani. Koti likanibana shingoni.

Alhamisi, 16 Machi

Nimemfuata tena. Nikasema kuna mtu namfahamu, alimkosea mwenzake. Sasa anajichukia. Hali chakula vizuri, hawezi kusali. Si adhabu hiyo tayari?

Nimal alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. "Huyo anataka asiwe yeye. Ni kiu ile ya tatu. Mwenzake anapata nini hapo?"

Nimemkasirikia mchana kutwa. Nilitaka aseme kuwa kuumia kwangu kuna thamani.

Jumamosi, 18 Machi

Nimekwenda Misungwi. Nilijiandaa kukuta hasira. Au njaa. Sivyo nilivyokuta.

Modesta alikuwa uani anachambua dengu. Hakuinua uso. Nilimwamkia mama yake, shikamoo, akaitikia marahaba na kunivuta pembeni. Akasema mwanawe amekataa kuwasha moto, anaogopa ataunguza nyumba. Akitoka hata hatua kumi, anarudi kuangalia mlango. Mara tatu, mara nne. Anasema kichwa chake kimeharibika, maana kinakumbuka kufunga kitu ambacho hakikufungwa.

Wiki mbili nimejiona mwizi wa kazi. Kumbe nimemwibia mtu imani na kichwa chake mwenyewe.

Nikakaa chini mbele yake, nikamwambia. Sweta, kiwiko, daftari. Nikamwambia na koti jeupe.

Modesta akapiga kelele, "Mama! Nilifunga! Ule mlango niliufunga!" Akainuka, dengu zikamwagika zote. Alicheka na kulia pamoja. Mama yake akamkumbatia, akasema maneno mengi ya Kisukuma ambayo sikuyaelewa, na sikustahili kuelewa.

Nikaomba msamaha. Modesta akajifuta uso kwa kanga.

"Pale getini nilikuuliza, Ade. Ukanijibu."

"Ndiyo, dada."

"Nenda kamwambie meneja. Msamaha usiniombe leo."

Mama yake hakunisindikiza.

Jumatatu, 20 Machi

Nimemwambia meneja. Aliniacha nimalize, akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Nilivua koti nikaliweka juu ya kiti. Nilimuuliza habari ya Modesta, akasema hilo ni lake yeye, si langu.

Nimal alinifikisha getini. Sikuhitaji kumwambia yule mtu ninayemfahamu ni nani. Nilimwambia nilitegemea nitakuwa mwepesi na bado sijawa. Akasema kuona chanzo si kupona. Mtu anaona, halafu ndipo kazi inaanza. Akarudi kwenye mitambo yake.

Jumapili, 2 Aprili

Modesta amerudishwa kazini. Wamempa na usimamizi. Nimesikia kanisani, kwa mama mmoja anayekata minofu naye. Anasema juzi Modesta alifunga chumba cha baridi mara moja tu, akaenda zake.

Modesta hupita njia ya chini, mbele ya nyumba yangu hapa Butimba, akienda kazini. Tangu nisikie, nimekaa kibarazani nikitazama njia, ingawa leo ni Jumapili na hakuna anayekwenda kazini. Nilikuwa nasubiri aje aseme yamekwisha. Nikajiona nasubiri, kiu ileile. Nikaingia ndani, nikaosha vyombo.

Baadaye nimejikuta kibarazani tena. Nimevuta pumzi. Nimeingia ndani.